Jimi na Vumbi la Nyumba

Jumamosi, 2 Agosti 2003

Nimempeleka Jimi kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Amejikuna mpaka tumbo limetoka damu. Daktari akauliza mbwa analala wapi. Nikasema kitandani, upande wa bwana yangu. Akauliza kama bwana halalamiki. Nikasema alifariki Mei. Akaangalia chini, akaendelea kumpima.

Ni aleji. Siyo viroboto, siyo chakula. Ni vumbi, na vidudu visivyoonekana vinavyokaa kwenye kapeti na matandiko. Sindano itamtuliza kwa muda tu. Nitoe kapeti. Nifue kila kitu kwa maji moto. Nimesema sawa.

Jumapili, 3 Agosti

Sikuenda kanisani. Nimekunja kapeti, nikaiburuta hadi nje. Bwana yangu, Maundu, aliinunua kule Mlolongo, akifanya kazi kwa mizani ya malori. Siku hiyo hiyo alileta Jimi, mdogo, ndani ya koti. Simiti iliyobaki ni baridi. Nilidhani nitalia. Nikapiga deki.

Jumatano, 6 Agosti

Ndanu, dada ya Maundu, amefika kutoka Masii. Ameona kapeti kwa ua. Akauliza kama natupa vitu vya ndugu yake sababu ya mbwa. Nikamwambia ni aleji. Akasema mbwa wa kwao wanalala nje na hawajui aleji. Nikamgeuza Jimi, nikamwonyesha tumbo. Akainama, akaangalia. Halafu akauliza kama nakula. Sikumbuki nilijibu nini.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefua mapazia. Kazini kawaida. Jimi bado anajikuna.

Jumamosi, 9 Agosti

Ndanu hajaenda. Leo yeye ndiye amewasha jiko, akaweka sufuria kubwa ya maji hapo nje. Blanketi na shuka zimeshaingia. Amekuja mlangoni, mikono myekundu.

"Kavutha, lete na foronya."

Ya Maundu. Bado ina harufu ya mafuta yake ya nywele. Sijaifua tangu alipolazwa. Nikasema naja.

Jimi amepanda godoro tupu. Ameweka pua kwenye huo mto, anajikuna, na damu imeanza tena. Nimeketi hapa na kalamu. Sisikii chochote moyoni — wala uchungu. Ndanu ameita tena, polepole, kama anaita mgonjwa. Maji yanachemka, anasema.

Nimetoa kona moja ya mto kwenye foronya.