Mafuta ya Dubu Namba Saba

Jumanne, 1 Novemba
Ghuba bado maji matupu. Wakati huu dubu weupe wangekuwa barafuni wakila sili, lakini wako pwani, wanatafuna mwani. Leo tumemlaza jike mmoja kwa sindano kutoka helikopta. Daktari Hruska akabana waya mdomoni na mwingine karibu na mkia. Umeme kidogo unapita, mashine inakadiria mafuta. Mimi napima kwa mkono. Nikapapasa uti wa mgongo. Mfupa, mfupa, mfupa! Nikasema mbili kwa tano; tano ni mnono, moja ni wa kufa njaa. Mashine ikakubali. Mtoto wake alijibana ubavuni, hatoki. Tukampaka mama namba 7 ya kijani, wawindaji wajue ana dawa ya usingizi mwilini, wasimle.

Alhamisi, 3 Novemba
Supu ya kulungu wa kaskazini kwa baba. Nina jina la mama yake, basi huniita Mama. "Mama, bado unawapapasa dubu wa watu?" Nikamwambia wamekonda. Akacheka. "Wako wa helikopta hao. Wangu wanaokuja kunichungulia dirishani wamenona!" Mwaka huu yeye ndiye mlinzi wa kijiji, kazi yake kuwafukuza dubu. Baadaye akauliza, bila mzaha: huyo mwenye mtoto ataishi hadi bahari igande? Nikamwongezea supu.

Jumatatu, 7 Novemba
Mvua. Novemba, mvua! Nikamwomba daktari tumtupie Namba Saba sili mmoja tu. Akakataa: dubu akishazoea chakula cha watu, ndiyo basi tena. Najua. Hasira haijaisha.

Jumanne, 8 Novemba
Ukungu. Helikopta haipai. Niko jikoni, redio imewashwa.
Baba kaita redioni. Namba Saba yuko wanapofungwa mbwa, pembeni mwa kijiji, amekula chakula chao chote. Baba kamrushia fataki mbili, hashtuki.
"Mtoto?" nikauliza.
Mbwa wanabweka. Halafu: "Simwoni, Mama."
Akasema nimsikilize vizuri. Mimi ndiye niliyemshika. Kama ana akiba mwilini, atamfukuza kwa pikipiki hadi rasini, mbali na nyumba, dubu asubiri barafu huko. Kama hana, atarudi tu, na watoto wako karibu kutoka shule. "Sitaki kumwua bure. Niambie, ana mafuta?"
Mbili kwa tano. Na hiyo ni wiki iliyopita.
"Anayo, baba. Yanamtosha."
"Una hakika?"
Nikasema ndiyo.
Pikipiki imewaka. Naisikia ikienda upande wa rasi, polepole, polepole mno — ina maana dubu hakimbii, anatembea tu. Sasa imesimama, na rasi bado mbali.
 Nafungua daftari la vipimo: Namba Saba, mbili kwa tano.