Maneno ya Siri Nimeyadarizi Kwenye Foronya

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako huku nacheka na kutetemeka kwa wakati mmoja. Nina wiki tano tu kwenye ndoa, na mume niliyempata, hata akikoroma mimi naona anaimba. Yeye ni fundi friji, mimi nadarizi foronya na vitambaa vya meza, tumepanga chumba na sebule juu ya duka la rangi, na furaha yetu inagonga dari.

Tangu kabla hajanijua amekuwa akiweka akiba kwa sarafu za kidijitali ili afungue karakana yake mwenyewe, na anazilinda kwa kidude kidogo kama flashi kisichounganishwa na mtandao, anakiita pochi baridi, nikamwambia fundi friji wewe ungekuwa na pochi gani nyingine, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jumatatu, kabla ya kusafiri kikazi na kidude chake mfukoni, akanipa karatasi yenye maneno ishirini na manne. "Mke wangu, kidude kikipotea, haya ndiyo yatakayoturudishia kila kitu. Ila karatasi huloa, tena huungua. Nitafutie njia ya kuyafanya yadumu." Mshauri, mtu ameniachia maisha yake! Nikachukua uzi wangu bora mwekundu, nikayadarizi yote kwa mpangilio wake kwenye foronya yake, na maua pembeni, na mioyo miwili, siku mbili nzima sikuinua kichwa.

Jana wifi yangu akaja kutusalimia, akajinyoosha kidogo chumbani, akatoka anapiga vigelegele. "Wifi, mikono yako dhahabu! Nimeshaitundika picha ya foronya kwenye stetasi yangu ya WhatsApp, upate wateja!" Na kweli, wawili wamepiga simu, wanataka ile ile. Kumbe baadaye mume wangu ananiambia kwenye simu, "Yale maneno usimwonyeshe hata dada yangu." Nikasingizia mboga inaungua, nikakata simu. Anarudi Jumamosi. Niifumue? Nimwambie? Si ataniona mjinga, na hata wiki ya sita hatujafika?

Bi Harusi wa Foronya

*

Bi Harusi, barua yako isingeweza kusubiri gazeti, ndiyo maana nilikupigia chai ikiwa bado mdomoni. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa faida ya wenzako.

Mtu akiyaona maneno hayo kwa mpangilio wake, popote alipo, anazoa sarafu zote bila kukigusa kidude. Mlango umeufunga kwa kufuli, halafu ufunguo ukauanika kwenye kamba ya nguo! Kufuta picha hakutoshi, kufumua uzi hakutoshi. Nilikuambia umpigie mumeo dakika ile ile, afungue pochi mpya yenye maneno mapya, atume kidogo kujaribu njia, kisha ahamishe zote.

Maneno mapya yaandikeni kwa mkono, nakala mbili, sehemu mbili zenye kufuli. Msiyapige picha, msiyaweke kwenye simu, na yeyote atakayewaomba, hata akijiita mhudumu wa kampuni, ni mwizi. Mkitaka yadumu, mumeo si fundi? Ayagonge kwenye kipande cha chuma kisichoshika kutu.

Ujinga mgawane nusu kwa nusu. Yeye alikupa siri bila kukueleza uzito wake.

Leo umenitumia ujumbe kwamba zimehama zote, haikupungua hata moja, na bwana amecheka mpaka akakaa chini. Basi foronya usiifumue. Maneno yale hayafungui tena chochote, mwache ayalalie. Wale wateja wawili wadarizie maua tu.