Ndugu Yako Anangoja Ujenge

Otieno mwanangu uliye kwenye barafu,

Hapa Manyatta hakuna asiyejua kazi yako. Mtu akija kununua dagaa wangu wa omena namuuliza kwanza kama amewahi kuona pengwini. Hajaona. Basi natoa simu, namwonyesha wewe na koti lako jekundu, unaendesha mashua ya mpira, wageni wa meli wametulia nyuma yako kama watoto wa Sunday school. Mama Achieng, jirani yetu fundi wa nguo, aliangalia akasema, "Yaani ndege haruki, anatembea kama mlevi, na watu wanapanda meli kwenda kumwona? Si waje hapa tuwaonyeshe bata!" Nikamwambia bata wake hajawahi kumpa mtu kazi.

Video moja niliiangalia peke yangu. Barafu imezunguka mashua, wewe umezima injini, umekaa tu. Nilikujua kwa huko kukaa. Unakumbuka tukitoka matanga Kendu Bay, magugu maji yakaifungia mashua katikati ya ziwa? Mimi naomba Mungu kwa sauti, wewe hata ndevu huna, unaniambia, "Mama, kaa katikati, usisukume. Upepo ukigeuka yatafunguka." Yakafunguka. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa sawa. Tangu hapo nilijua utafika mbali, ingawa sikudhani ni mbali hivi.

Sasa nikwambie ya nyumbani. Mdogo wako Ouma amepata msichana wa Sondu, mchapakazi, ana heshima, na wazazi wake wanauliza atamweka wapi. Ouma hana simba, ile nyumba ya kijana ndani ya boma. Kwa mila yetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, hilo unalijua, na tangu baba yenu atuache, baba yenu mdogo hataki hata kusikia habari ya kumruka mtu. Nguzo za Ouma zimelala nyuma ya jiko langu, mchwa wameanza kuzionja. Juzi aliona ile picha yako ya pengwini anayeokota mawe ya kiota. Akasema, "Mama, hata huyu anajenga. Ni mimi tu nangoja."

Umesema wanataka usaini msimu mwingine. Sikukatazi. Lakini kabla hujarudi huko, njoo usimamishe nyumba yako, hata iwe kachumba ka mabati, ulale humo, ndugu yako apate njia. Na kama umechoka na baridi, ila unaogopa kurudi kabisa kwa sababu nimekutangaza soko zima, acha hiyo hofu. Hata ukiendesha mashua hapa ziwani Dunga, bado nitawasumbua watu na jina lako. Hiyo kazi niachie mimi.

Mahali pa nyumba yako ni kulia kwa lango. Nimeshapafyeka.

Ni mimi mama yako, na mama ya Ouma pia.