Yowe Nyuma ya Migomba

Bunia, tarehe 9 Septemba 2025

Kwa yaya Suzanne, dada yangu mkubwa,

Yaya, lile yowe lililokimbiza kartye yetu, mtaa mzima, Jumamosi ni langu. Sijamwambia mtu mwingine, hata padri. Nimelitanguliza kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa nakusalimia. Malaria ilikuacha? Na malewa yako pale Mongbwalu, wachimbaji bado wanakuja kula? Siye tuko wazima. Papa yetu anakohoa kidogo tu.

Nilikuambia kwamba tangu tulipomaliza masomo, Gaël anatengeneza filamu ya kutisha na kuchekesha. Kamera ni telefone iliyofungwa kwenye mti wa fagio. Hadithi ni ya mufu anayerudi duniani kwa sababu alikufa sombe yake, majani ya muhogo, ikiwa bado jikoni. Anatisha watu, na wakizimia anafunua sufuria zao. Abdoul, fundi wa viatu, ndiye mufu. Tunampaka unga wa muhogo uso mzima, na damu ni mawese na tomate ya kopo. Kazi yangu ni damu. Unajua siwezi kusimama mbele ya watu.

Mwenzetu Régine ndiye aliyepaswa kupiga yowe, lakini kila akimwona Abdoul anacheka.

"Régine, huyu ni mufu!" Gaël anamwambia.

"Mufu gani? Iko na viatu vya papa yangu. Tulimupa atengeneze!"

Basi walipokwenda kunywa maji, niliingia nyuma ya migomba peke yangu. Nilitaka kujaribu mara moja tu. Yaya, sauti iliyotoka sikuijua.

Sikuwa hata nimefunga kinywa, mtu alipiga sufuria upande wa kambi ya waliokimbia vita. Kisha nyumba ya pili, ya tatu, mpaka kartye nzima ikawa sufuria na mabati. Unajua maana yake: wauaji wanakuja. Hakuna anayeuliza. Unabeba mtoto, unabeba godoro, unakwenda. Nasi tulikimbia. Abdoul naye alikimbilia katikati ya watu, na unga wake na damu yake, akitafuta pa kujificha. Watu wakamkimbia yeye, naye akazidi kuwafuata akiita, "Munigojee! Munigojee!" Ingekuwa kwenye filamu tungecheka.

Mama Martine wa kambini alianguka, amevunjika mkono. Na vijana wa kartye walimkamata Abdoul. Wanasema alitumwa kuogopesha watu ili nyumba zibaki tupu ziibwe. Amefungiwa kwa shefu wa kartye, na vijana wamekaa mlangoni na fimbo. Gaël amewaeleza habari ya filamu. Wanamjibu, "Nani alipiga kelele, basi? Utuonyeshe." Régine ameapa si yeye. Hakuna anayenifikiria mimi. Wakizungumza, naangalia chini.

Nakuandikia kwa sababu nyumba ni chumba kimoja, na Papa anasikia kila neno la telefone. Nifanye nini?

Mudogo wako,
Viviane


Mongbwalu, tarehe 16 Septemba 2025

Kwa mudogo wangu,

Salamu kwako na kwa Papa. Malaria imekwisha, masikio tu bado yanavuma kwa sababu ya kinini. Barua yako ililala siku nne Iga Barrière, kamyo ilikwama kwenye matope. Naogopa yangu nayo itachelewa.

Nilipoisoma nilifunga malewa. Hapa nimeshaona watu wenye fimbo wakichoka kungoja. Siku wakichoka wanaamua wenyewe. Abdoul hana siku nyingi.

Moyo wangu unataka kukuambia unyamaze. Miaka saba iliyopita, tulipokimbia Fataki na Mama akapigwa risasi nyuma yetu, ni mimi niliyekushika mkono na kukuambia usitoe sauti. Hukuitoa mpaka Bunia. Safari hii sitakuambia hivyo.

Mwambie Papa kwanza. Mwende pamoja, mchana, watu wakiwa wengi. Usithubutu kwenda peke yako. Kila pikipiki inayofika kutoka Bunia naisimamisha kuuliza habari.

Yaya yako,
Suzanne


Bunia, tarehe 21 Septemba 2025

Yaya mpenzi,

Abdoul yuko kwao. Nilitaka usome hilo kwanza. Masikio yako yanaendeleaje? Papa hakohoi tena.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimwambia Papa. Alinitazama sana, na jana asubuhi akavaa kofia na kusema, "Twende."

Kiwanja cha shefu kilijaa. Nilisema ni mimi. Hakuna aliyesikia. Nikarudia. Kijana mmoja akacheka, "Huyu? Sauti yake haiwezi kukimbiza hata kuku!" Shefu naye alidhani Gaël amenituma kwa kuwa msichana hatapigwa. Akasema, "Kama ni weye, piga kelele kama siku ile. Tusikie."

Nikipiga, sufuria zitaanza tena, na Mama Martine amebaki na mkono mmoja mzima. Nisipopiga, Abdoul hatoki. Nilimsogelea shefu nikamwambia hivyo sikioni. Kisha alituma watu kila avenyu, mpaka kambini, waseme: saa nne itasikika sauti, ni mtoto wa filamu, musikimbie. Mama Martine mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba akiagiza kila mama ajaze sufuria yake maji, mkono usije ukajisahau ukaipiga.

Saa nne nilifumba macho nikapiga.

Hakuna sufuria iliyolia. Lakini nilipofumbua macho, kiwanja kizima kilikuwa kimesimama tayari kukimbia. Mama Martine, aliyejua yote, alikuwa ameshaweka kichwani godoro lililoanikwa pale kiwanjani, akilishika kwa mkono wake mzima. Vijana waliweka fimbo chini. Shefu alifungua mlango mwenyewe. Abdoul akatoka na unga bado masikioni, akauliza kama kuna sombe.

Gaël alikuwa ameirekodi sauti. Nimemwomba aifute, ameifuta mbele yangu. Kwenye filamu Régine atacheka tu, na mufu ndiye atakayemwogopa.

Lakini kuna neno nilikuficha. Nilikuandikia kwamba sauti ile sikuijua. Nilidanganya. Niliijua palepale nyuma ya migomba. Ni ya Mama, ile ya mwisho, barabarani Fataki. Nilitafuta yowe la kweli, na sina lingine.

Jana Papa alipoisikia alivua kofia. Akageuka nyuma, akatazama njia, akaita jina la Mama polepole, "Denise?" Kama mtu aliyeitwa. Usiku hakula. Anadhani ilinitoka yenyewe, kwa woga. Hajui kwamba niliikumbuka, nikaichukua kwa ajili ya mchezo.

Ukija Noeli, yaya, usimwambie. Choma barua hii kwenye jiko la malewa, na hata akikuuliza, usimwambie.

Mudogo wako,
Viviane