Makokha, Matone Yako Saba

Makokha rafiki yangu,

Mulembe, amani iwe nawe huko uliko. Mimi bado nasonga ugali wa watu mia, na katika hospitali hii ya Kakamega hakuna mpishi wa kunifikia. Hata wewe hukunifikia. Ila ile kazi yako ya kijiko, ya kupima maziwa kwa matone ya ndimu. Hiyo nilikuonea wivu ukiwa hai, na umekufa bado nakuonea.

Siku ya kunyoa, baada ya kukuzika, wazee walipogawa vitu vyako, nilikaa mbele kabisa. Koti wakampa ndugu yako. Kijiko, kile chenye shingo iliyopinda, wakampa binti yako Rosa. Mimi niliyepika na wewe tangu wazungu wakiwa na bendera yao! Chai yao sikunywa.

Sasa sikia. Mvua iliingia stoo, ikalowesha gunia letu la mwisho la maziwa ya unga, na watoto waliovimba miguu kwa njaa wanangoja. Sista akaniletea unga kidogo kwenye karatasi. "Mzee Ambani, yatayeyuka au yatakatika sufuriani? Wa kupimia ni huu tu, usiumalize." Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nikakoroga karibu wote, nikakamua ndimu kwa mkono. Yakakatika mara moja, mabonge tupu. Sikujua kama kosa ni la gunia au ni langu.

Rosa, ambaye siku hizi anatusaidia jikoni, hakucheka. Alikung'uta vumbi lililobaki kwenye karatasi, akalikoroga na maji ya uvuguvugu ndani ya kijiko chako, akadondosha ndimu kwa ncha ya unyasi. Tone moja, anatikisa. La pili, anatikisa. Ulikuwa unasemanga, "Yanayokatika mapema hayawezi sufuria. Yakifika tone la saba, pika." Haya yalikatika kwa la saba. "Baba, gunia ni zima," akaniambia. Tukapika. Hakuna bonge. Yule mtoto wa Khayega aliyekuwa anakataa kila kitu akamaliza kikombe, akalamba na mdomo.

Sista akasema, "Kama Makokha mwenyewe." Na mimi nimesimama hapo hapo, mwiko mkononi! Umezikwa, na bado unasifiwa jikoni kwangu. Iliniuma, bwana.

Nimemwomba Rosa kijiko, akanipa. Kila nikijaribu, unyasi unatoa matone mawili pamoja. Hukuniambia ni vigumu hivi. Au uliniambia, nikakataa kusikia.

Lala, Makokha. Nitajifunza mpaka nifike saba bila kukosea. Sista akinisifu, nitamwambia ni kazi yako. Mara moja tu. Ya pili nitajisifu mwenyewe.

Ni mimi, Ambani