Dang'a la Ndama wa Werema

Homa Bay, 3 Machi 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Magoti yako yanasemaje? Mimi miguu imefura, lakini mjukuu wako anacheza vizuri tumboni, na pale maabara wananivumilia, napima damu ya mifugo nikiwa nimekaa. Simu najua husikii vizuri, ndiyo maana naandika. Ng'ombe wa Werema hajazaa?

Tangu tumzike mume wangu Werema Disemba sijatamani chakula. Juzi tu nimekumbuka lile dang'a ulilonipikia nikiwa bibi arusi, yale maziwa mazito ya kwanza yaliyoganda kama mayai. Aki Mama, nikilikosa nitalia.

Mkwe wako,
Filister

Kehancha, 10 Machi

Filister binti yangu,

Tuko salama, magoti ndiyo hayo, yana kelele kukushinda wewe. Amezaa jana! Ndama jike, mwekundu, paji jeupe. Ndiye niliyemwahidi Werema akiwa kitandani, kwamba atakuwa wa mtoto wake. Mama wa ndama amezeeka, hatazaa tena, kwa hiyo ni huyu tu.

Nilikamua dang'a lote kabla ndama hajafika kwenye chuchu, nikalichemsha na chumvi kidogo. Anakuletea Hemed wa duka la nguo, anayekuja huko kila wiki. Ndama nilimpa uji mwepesi, jioni ndipo akanyonya. Ulile lote! Jirani yangu Rael aliomba nikamfukuza.

Mama yako,
Bhoke

Homa Bay, 11 Machi

Mama,

Hujambo? Nimelila nikiwa nimesimama mlangoni, hata Hemed hajaondoka, nikalamba na mkebe. Mtoto akapiga teke. Nimecheka peke yangu, Mama, mara ya kwanza tangu Disemba. Asante sana.

Mkwe wako,
Filister

Kehancha, 14 Machi

Binti yangu,

Natumaini wewe u mzima, maana huku si kwema. Ndama hasimami. Kitovu kimevimba, ana joto, na fizi zimekuwa nyeupe. Levis, daktari wetu wa mifugo, anasema huenda damu imepungua na anataka kumdunga sindano ya madini ya chuma. Nimemwambia angoje, nina mtu wangu anayejua damu. Hemed amekubali kuja leo ingawa si siku yake, amebeba chupa ya damu ndani ya barafu. Fanya haraka, huyu ni mali ya mtoto wako.

Mama yako,
Bhoke

Homa Bay, 15 Machi

Mama,

Pole sana. Nimeshampigia Levis, lakini nataka na wewe uelewe. Ile protini inayopanda mwili ukipigana na wadudu wa ugonjwa imepanda sana. Chuma kiko chini, ndiyo, ila mwili wenyewe umekificha ili wadudu wasikipate. Tukimdunga sasa tutawalisha wao. Apewe dawa ya kuua wadudu, maziwa kidogo kidogo, na umfunike gunia. Ulifanya vizuri kumzuia Levis. Kuna kipimo kingine ambacho sitakiandika leo.

Filister

Kehancha, 18 Machi

Binti yangu,

Amekufa jana asubuhi, kichwa kikiwa kwenye paja langu. Nimemzika nyuma ya boma, sikutaka mtu amle. Mama yake bado analia kwenye uzio. Nilimwahidi mwanangu kitu kimoja tu, Filister. Niambie, ni ile sindano niliyoikataa? Nilikosea wapi?

Mama yako,
Bhoke

Homa Bay, 2 Mei

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nimeandika barua nne nikazichana. Si sindano. Kile kipimo kingine kilikuwa cha kinga, na damu yake haikuwa nayo kabisa. Ndama huzaliwa bila kinga, huipata kwenye dang'a, na lazima alinywe saa zile za kwanza. Mimi najua hayo, Mama. Ndiyo kazi inayonilisha. Na bado nilikuomba, nikalila, nikalamba mkebe. Nimekula kinga ya ndama wa mtoto wangu mwenyewe. Kama hutaki kuniona tena, sitakulaumu.

Filister

Kehancha, 9 Mei

Filister,

Unakula? Unalala? Nilijua. Levis aliniambia siku ile tunachimba shimo. Nilikuuliza nikitumaini wewe uliyesoma utasema ni kitu kingine. Mkono uliokamua ni wangu, usijibebeshe peke yako. Nimelia hadi Rael, yule niliyemfukuza, akaniletea chai.

Sasa nisikilize. Nilipomzaa Werema, wazee waliniambia maziwa yangu ya kwanza, yale ya manjano, ni machafu, nikayamwaga chini. Sina ndama wa kumpa mtoto wake. Nina neno hili tu: akija, usimwage hata tone, usingoje jioni. Mpe yote.

Bibi yake,
Bhoke