Nzanzu Hakufika Siku ya Noeli kama Yule wa mu Filme

Mama Jokébed mupendwa, mushauri wetu wa redio hapa Butembo, naomba unisaidie juu nimechoka na hii mambo, na kama weye hautaisema ku redio, Nzanzu hataielewa hata kidogo.

Miye ni Kyakimwa, nakaa Bulengera kwa baba yangu. Nzanzu ni muchumba wangu, kwao ni Beni, anaendesha camion ya mufanyabiashara moja wa kule, anafika mpaka Eringeti kubeba maharagi. Tulipatana kwamba siku ya Noeli atakuya na bazee yake kuleta mbuzi za mahari, na mama alipika, majirani balikuya, miye nikavaa vizuri, tukangoja mpaka jua ikashuka, hakuna mutu, alipita tu motard moja wa pikipiki akasema, "Nzanzu anasema atachelewa," kisha akawasha pikipiki yake akaenda. Na kabla ya Noeli, Mama, mu salle ya paroisse, pale kanisani, balituonyesha filme moja ya Noeli, ile ya kutengenezwa kwa televisheni, binti wa muji mukubwa anarudia kwao kwa sikukuu, ana muchumba mwenye kujali tu kazi na telefone, halafu anapata kijana mwenye kupika mikate, na huyu kijana anaacha avion, ndege ya kusafiri, juu yake, anakimbia mu theluji, anafika saa ileile kengele zinalia! Nililia, na rafiki yangu Nadège pia alilia, akaniambia, "Umeona? Mwanaume mwenye kupenda anafika."

Nzanzu alifika Noeli ikiisha kupita, shati chafu, hana zawadi, hana ile koti niliyomushonesha kwa fundi, na bazee yake hawako. Nikamuuliza mbele ya batu yote, "Yule wa filme aliacha avion, weye ulishindwa kuacha camion?" Akasema, "Kyakimwa, Eringeti batu balikuwa banakimbia vita. Mu camion mulikuwa batoto. Mama moja alizaa njiani, koti ndiyo tulifunika mutoto." Nikamwambia yeye hakosi maneno, nikafunga mulango. Alisimama inje, kisha akaenda. Sasa hajarudia, Nadège anasema nisimufwate, kama anapenda atakuya mwenyewe na maua, baba ananiuliza ajibu nini bazee ya Nzanzu, na nasikia karibu anarudia tena ku barabara ya Eringeti. Mama, umwambie aende kuangalia ile filme, ajifunze namna banapenda mutu. Ao nitafute mwingine?

Kyakimwa, Bulengera

*

Kyakimwa mutoto yangu, nilisoma barua yako, nikaisoma tena, nikifikiri labda miwani ndiyo inanidanganya. Koti imefunika mutoto mwenye kuzaliwa njiani, na weye unafunga mulango? Ee!

Ile filme nami niliiona, nilikaa mu banc ya nyuma. Bon, tusiiseme vibaya bure, iko na uzuri wake. Yule binti anacheza vizuri: pale anaosha masahani na mama wa kijana, bote babili hawajue waseme nini, nilicheka mpaka mutu wa mbele akanigeukia. Kijana naye anajua kukaa na kusikiliza, na hiyo wanaume yetu bangeweza kuiangalia. Na hakuna mutu anayekufa. Kwa miaka hii yetu, kukaa alasiri nzima bila kusikia habari ya kifo, hiyo peke yake ni zawadi. Nililia, sikatae.

Mais tuangalie na ubaya wake. Kijana anapika mikate, umemuona siku moja na unga ku mikono? Theluji inaanguka kila pahali, hakuna motokari inakwama, barabara zote ziko wazi kwa wenye kupendana. Yule muchumba wa kwanza, kosa yake ni kujibu telefone ya kazi, basi, balimufanya mujinga ili tusimuhurumie. Na ile palabre yote, ule ugomvi wa binti na kijana, ingeisha kwa swali moja tu, mais hakuna anayeuliza, juu filme ingeisha mapema na batu barudie nyumbani. Weye pia haukuuliza. Yule mama aliyezaa ako wapi? Mutoto anaishi? Nzanzu mwenyewe, alilala wapi zile siku, alikula nini? Barua yako yote, ukitoa ile ya avion, haina hata swali moja kwake.

Unauliza kama utafute mwingine. Mutafute basi, mais ujue unayemuacha. Wanaume bengi wangesikia masasi ya bunduki wageuze camion tupu. Huyu aliijaza batu, akakosa sikukuu yake, kisha akakuya kusimama mbele ya majirani yako na shati chafu, juu alijua unangoja. Unataka afike namna gani tena?

Nzanzu, kama unasikiliza, nawe usifikiri nakuacha. "Atachelewa" haiko habari ya kutumia familia yenye imepika. Ungemwambia motard sababu.

Sasa Kyakimwa, sikia vizuri. Leo hii mwambie baba yako ukweli: Nzanzu hakukataa, ni weye ulifunga. Nadège mupumzishe kwanza, hana muchumba wa kupoteza. Kesho asubuhi uliza bachauffeur kama barabara ya Beni iko salama, na kama iko, ondoka na tantine, shangazi yako, mchana, kabla Nzanzu hajapanda tena kwenda Eringeti. Usingoje maua, vita haingoje. Ukifika kwao, salimia mama yake, na usitaje filme. Ukimuona Nzanzu, mwambie, "Pole na kazi." Kisha nyamaza, umuache aseme mpaka amalize, hata kama anakugombeza.